Risasi Iliyofupika

Dortha Yoakum hubeba bastola kwenye mfuko wa kulia wa aproni, ndani ya ala ya ngozi ngumu ambayo marehemu mumewe, Hobart, aliishona kwa uzi wa kushonea matandiko ya farasi. Mfuko wa kushoto ni wa kitambaa cha mikono na peremende za mnanaa. Ana miaka sabini na moja. Wasafiri wanaosimama kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu kununua pai, nyanya za chupa na achari ya kabichi hawajui kilichomo kwenye mfuko wa kulia. Wenyeji wanajua, na hawana la kusema, kwa kuwa wengi wao nao wamebeba.

Nyumba yake iko mwisho wa barabara ya kokoto, ng'ambo ya kijito, katika vilima vya kusini mwa Missouri. Simu hushika mtandao ukisimama karibu na banda la kuku na kuuelekeza uso mashariki. Kijito kikijaa hakuna anayevuka. Polisi wa wilaya ni wachache na wilaya ni pana. Ukiwapigia, una muda wa kuchemsha kahawa, kuinywa na kuosha kikombe kabla hujaona taa zao. Majira ya vuli baada ya Hobart kuzikwa, mwanamume asiyemfahamu alipanda barazani na kuanza kujaribu kitasa cha mlango. Dortha alisimama nyuma ya wavu, mkono ndani ya aproni, akamuuliza anamtafuta nani. Mtu yule akauona mkono ulipo, akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine. Huo ndio mkasa wake wote wa bastola, na anapousimulia huumaliza haraka ili arudi kwenye habari za nyanya.

Nyanya ndizo habari zake hasa. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya mjini kwa maisha yake yote ya kazi; nusu ya watu wazima wa wilaya wamekula mkate wake wa mahindi, na hata leo wakimwona hukaa wima kidogo. Tangu alipostaafu, kazi yake ni kuhifadhi vyakula kwenye chupa. Akishajaza, huzipanga chupa mezani kwa mstari, huinama mpaka jicho lilingane na midomo ya chupa, na kukagua kama nafasi iliyoachwa kati ya chakula na kifuniko ni sawa kwa zote. Chupa iliyojazwa mno hufurika, iliyopungua huharibika. Hupitisha jicho mara moja tu, kisha huivuta pembeni ile yenye kasoro.

Mwaka jana nyumba hiyo, chupa hizo na kuku wale vilikaribia kumponyoka, kwa sababu ya boksi la risasi.

Ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, kwenye shamba la Delmer Yoakum, mdogo wake Hobart. Akina Yoakum wana desturi yao: wakishakula pai, sahani moja ya karatasi hupigiliwa kwenye kigingi mbele ya tuta la bwawa, kwa umbali sawa na urefu wa chumba cha kulia chakula, na kila mtu hupiga kwa silaha anayobeba. Tawnya, mtoto pekee wa Dortha, alikuwa amekuja kutoka Springfield, anakofanya kazi ya kusafisha meno kwenye kliniki. Yeye ndiye aliyemnunulia mama yake ile bastola ya milimita tisa, Hobart akiwa bado hai, vidole vya Dortha vilipoanza kuvimba kwenye viungo na bastola kubwa ya mzee ikamshinda kuikoki.

Zamu ya Dortha ilipofika, teke la risasi ya kwanza liliinua mikono yake mpaka usawa wa kofia. Tundu lilionekana pembeni kabisa mwa sahani. Ya pili haikuonekana popote, ila kobe mmoja alijitosa bwawani. Ya tatu haikulia. Ilikuwa imekwama njiani kutoka kwenye magazini, kile kikasha cha risasi ndani ya mpini, kuelekea kwenye chemba, kichwa kimeelekea juu.

"Gonga magazini kwa chini, shemeji," Delmer akasema. "Halafu ivute sehemu ya juu."

"Naivuta."

"Ivute kwa hasira."

"Hasira ninayo. Vidole ndivyo sina."

Tawnya akaichukua bastola kwa upole, akaifungua, akaitoa ile risasi na kuigeuzageuza. Kichwa chake kilikuwa na shimo pana kama kikombe.

"Mama, nani kakupa hizi?"

 Dortha alimtazama Delmer.

"Risasi nzuri hizo," Delmer akasema. "Zimeongezwa baruti kiwandani. Hizo zinamwangusha dubu."

"Wilaya hii ina dubu wangapi, baba mdogo?"

"Yupo mmoja. Alionekana."

"Na huwa anakuja kununua pai?"

Watu walicheka, na Dortha pia alicheka, lakini Tawnya hakucheka kwa muda mrefu. Wakati wa kuosha vyombo, wakiwa wawili tu jikoni, alilitoa alilokuwa nalo.

"Kile chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi, mama."

"Rangi gani?"

"Njano."

"Mimi na njano hatujawahi kuelewana."

"Nisikilize. Unakaa peke yako mahali ambapo msaada haufiki. Sawa, umechagua, na nimenyamaza. Lakini kitu chenyewe unachokitegemea kimekukwama mikononi mchana kweupe, sisi sote tumesimama hapo tunakushauri. Siku ukiwa peke yako itakuwaje?"

Dortha akaendelea kufuta sahani.

"Nakupa mpaka Novemba, Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu," Tawnya akasema. "Utapiga magazini nzima, kwa risasi unazobeba kweli, si zile za mazoezi. Zikikaa zote ndani ya sahani na bunduki isikwame, suala la chumba sitalitaja tena. Ikishindikana, unakuja Springfield kabla ya theluji."

"Na kuku?"

"Watakwenda kwa baba mdogo."

"Kuku hawajatenda kosa lolote," Dortha akasema. Lakini alikubali. Alijua binti yake halegezi akishasema, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa Gaylon Teague, anayeuza silaha, chambo cha samaki na betri za magari katika duka moja lenye jiko la kuni katikati. Kulizunguka jiko kuna viti, na kwenye viti kuna wanaume wenye vikombe. Duka hilo lina sheria isiyoandikwa. Mwanamume akiingia, huuziwa alichokifuata. Mwanamke akiingia, hupewa ushauri.

"Nataka risasi za kubeba," Dortha akasema. "Za milimita tisa."

"Tisa?" mmoja akajibu kutoka kwenye kiti, dereva wa lori aliyestaafu mapema kwa ajili ya mgongo. "Bibi Dortha, tisa ni ya kufukuzia kunguru. Rudi kwenye ile bastola kubwa ya mzee, arobaini na tano. Tundu kubwa ni tundu kubwa."

"Mnunulieni ile rivolva ndogo nyepesi, ya wanawake," mwingine akasema. "Ipo hata ya rangi ya waridi."

"Ile nyepesi ndiyo inayopiga teke kama punda," wa tatu akamkatiza. "Mke wangu aliipiga mara moja, akaniwekea mezani. Mpaka leo imekaa pale."

Dortha akamgeukia yule dereva. "Wewe nilikupikia darasa la pili. Hujawahi kumaliza spinachi hata siku moja, na uliniambia umemaliza. Kunywa kahawa yako."

Akanywa.

Gaylon, ambaye huzungumza polepole kwa sababu hakuna anayempa nafasi, alisubiri kelele zitulie. "Za Delmer zina shimo pana kichwani na kasi kubwa," akasema. "Kuna bastola zinazozipenda. Yako haizipendi. Sasa mimi siwezi kukuambia yako inapenda ipi, kwa kuwa siyo yangu. Itabidi uiulize. Kitu kinachobebwa sharti kiingie chemba kila mara, katika bunduki hiyo hiyo, kwa mikono hiyo hiyo. Hilo likishindikana, mengine yote ni maneno ya kwenye boksi."

"Kwa nini nisibebe zile za mazoezi? Za kichwa mviringo. Hazijawahi kunikwama."

"Kwa sababu ya mviringo wake. Inaingia upande huu, inatokea upande ule, na bado ina haraka zake. Kibandani kwako, nyuma ya mtu anayekusumbua kuna nini?"

"Barabara kuu."

"Na asubuhi barabara kuu inapita nini?"

Dortha alijua. Basi la shule hupita pale, na dereva hupiga honi kumsalimia.

"Yenye shimo kichwani inachanua ikiingia, inapanuka, inapunguza mwendo," Gaylon akaendelea. "Inafika penye kazi na kuishia humo. Zote hizi nilizonazo zimepigwa kwenye jeli inayoigiza nyama ya mwili, iliyovishwa kitambaa cha jinzi, zikapimwa zimekwenda kina gani. Tofauti zake ni ndogo kuliko kelele za hawa jamaa." Akamwekea kwenye mfuko wa karatasi aina nne, boksi moja moja. "Kapige. Ile ambayo ukishaipiga hutaki kuipiga tena, usibebe."

Ndivyo Dortha alivyotumia mwezi wa Oktoba. Asubuhi alikuwa kibandani. Alasiri alivuka shamba mpaka kwenye tuta la bwawa, na Delmer alimfuata na kiti cha kukunja, ili aone kama ushauri wake utapuuzwa hadharani.

Aina ya kwanza, nyepesi na ya kasi, ilimlilia sikioni kama mlango unaobamizwa, ingawa alikuwa amevaa vizibo. Aliiacha kabla boksi halijafika nusu. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka ile ya mwisho katika magazini, ambayo ilikwama. Akaijaza tena, na ya mwisho ikakwama tena. Delmer akasema ni bahati mbaya. Dortha akasema bahati mbaya inayojua kuhesabu haitaki. Ya tatu ilikuwa na shimo lililozibwa kwa plastiki nyekundu, akaipenda kwa rangi yake, na haikumkwama hata mara moja. Ila ilimtingisha kiganja, na matundu yake kwenye sahani yalikaa kama watu waliogombana.

Ya nne ilikuwa nzito, ya mwendo wa pole. Alipoipiga, mikono ilirudi nyuma kidogo na kutulia palepale, kana kwamba amesukumwa na mtu mwenye adabu. Akapiga nyingine, na nyingine. Magazini ilipokwisha, alikwenda kutazama sahani, akarudi nayo mkononi. Matundu yote yangefunikwa na kisosi.

Delmer akaitazama sahani dhidi ya mwanga. "Hii ni risasi ya maktaba," akasema. "Haina hata kelele."

"Basi vizuri. Kadi ya maktaba ninayo."

"Dubu ataicheka, shemeji."

"Akija kibandani nitamuuzia pai."

Alirudi kwa Gaylon, akachukua nyingine za aina ile ile, akazipiga zote bila hata moja kukwama, na kuanzia hapo aina hiyo ndiyo iliyokaa ndani ya aproni.

Hapa inabidi kueleza kanuni ya nyumba hiyo. Tawnya alipokuwa anaanza kutambaa, Hobart alitoa amri moja na hakuirudia: bunduki isilale na risasi mdomoni. "Mdomo" kwa akina Yoakum ni chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kwa hiyo kila jioni Dortha hutundika aproni, huchomoa magazini, huitoa risasi iliyomo mdomoni, huirudisha juu ya wenzake kwenye magazini, na bastola huingia kwenye kopo la mkate juu ya kabati. Asubuhi huirudisha magazini, hukoki, na ile risasi ya juu huingia mdomoni. Hobart alifanya hivyo maisha yake yote. Delmer hufanya hivyo. Tawnya alikua akiona hivyo kama watoto wengine wanavyoona baba akifunga mlango.

Ijumaa ya kabla ya msimu wa kulungu, alasiri, Dortha aliamua kuzifuta risasi zake, maana aproni huingia unga. Alizitoa zote kwenye magazini na kuzisimamisha kwenye kitambaa cha plastiki cha mezani, kwa mstari. Bila kufikiri, akainama mpaka jicho likalingana na vichwa vyake.

Moja ilikuwa fupi.

Haikuwa fupi sana. Unene wa ukucha tu. Aliihamisha mwisho wa mstari, akidhani meza imebonyea. Ilikuwa fupi pale pia. Kichwa chake kilikuwa kimedidimia ndani ya ganda, kama kizibo kilichosukumwa kwa kidole gumba. Aliichukua, akatoka mpaka kwenye banda la kuku, akageuka mashariki na kumpigia Gaylon.

"Ni ile ya juu, sivyo?" Gaylon akasema kabla Dortha hajamaliza.

"Umejuaje?"

"Kila ukikoki, bunduki inaisukuma hiyo moja na kuigongesha kichwa inapopanda. Mara moja si kitu. Lakini ile ile, kila asubuhi, wiki baada ya wiki? Kichwa kinarudi ndani. Baruti inakosa nafasi. Siku ukiifyatua, msukumo unapanda kupita kiasi."

"Halafu?"

"Mara nyingi hakuna kitu. Mara nyingine bunduki inapasuka. Mimi nisingependa kuwa ule mkono unaojaribu. Usiipige, Dortha. Niletee."

"Wengine wanalijua hili?"

"Nawaambia. Wananiitikia, wanajimiminia kahawa."

Akarudi jikoni. Zilizobaki kwenye boksi zilikuwa mpya na zimelingana. Ingekuwa rahisi kuchukua moja, kujaza pengo, na kuitupa ile fupi kwenye kopo la misumari. Tawnya asingejua. Akijua, angesema nini? Kwamba mama yake, aliyekuwa anapigania kukaa peke yake, alikuwa ametembea wiki zote hizo na kitu kinachoweza kumpasukia mkononi, na aliyemuonyesha ni meza ya jikoni. Hiyo ilikuwa hoja nzuri. Dortha mwenyewe, angekuwa upande wa pili, angeitumia.

 Akaitia risasi fupi kwenye mfuko wa kushoto, pamoja na peremende, akaanza kukanda unga wa pai.

Jumamosi kulikuwa na barafu nyembamba kwenye nyasi. Delmer alikuwa amekwisha kupata kulungu wake alfajiri na kumtundika ghalani, na alimweleza kila aliyefika jinsi ilivyokuwa, akiongeza pembe kidogo kila mara. Walikula skonzi na mchuzi mweupe wa soseji, wakavaa makoti, wakateremka na magari mpaka bwawani wakiwa watatu. Delmer alipigilia sahani. Tawnya alivaa vizibo vya masikio na kumpa mama yake vyake.

"Kabla sijapiga," Dortha akasema, "kuna kitu."

Akatoa risasi mbili, akazisimamisha kwenye boneti ya lori la Delmer, fupi kando ya mpya. Tawnya akainama kuzitazama. 

"Hii ndiyo ilikuwa ndani?"

"Tangu nilipozichagua. Asubuhi inaingia, jioni inatoka."

"Mama."

"Najua."

"Ingeweza kukupasukia."

"Gaylon kaniambia hivyo hivyo, kwa maneno mengi zaidi."

"Na ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza," Dortha akasema. "Lakini ulitaka kujua ninachobeba kweli. Hicho ndicho nilichokuwa nabeba. Sasa amua kabla sijapiga, ili usije ukasema nilikuficha."

Delmer akakohoa. "Mwache mama yako. Hilo ni la kaka. Si ndiye aliyetufundisha sote? Bunduki isilale na ..."

Mkono wake ukaenda kwenye koti. Tawnya naye alikuwa ameacha kutazama boneti. Alikuwa akitazama gari lake mwenyewe.

"Isilale na risasi mdomoni," akamalizia, polepole.

Alikwenda kwenye gari, akawapa mgongo, akafanya shughuli zake ndani ya mkoba anamobebea bastola yake. Aliporudi, kiganja kilikuwa kimefungwa. Akaisimamisha risasi yake kwenye boneti, kando ya zile mbili.

Dortha akainama mpaka jicho likalingana. Hakuharakisha.

"Yako fupi zaidi," akasema.

"Naona."

"Ina muda gani?"

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi."

Dortha akajinyoosha, akakung'uta aproni. "Nina chumba nyumbani kwangu," akasema. "Si cha njano."

Tawnya alijaribu kukaza uso. Alijaribu kweli. Kisha akaegemea lori na kucheka mpaka vizibo vikamdondoka masikioni, na kila alipotaka kusema kitu alizitazama tena zile risasi na kuanza upya. Walipotulia wote wawili, walimgeukia Delmer kwa pamoja.

"Mimi yangu iko sawa," Delmer akasema.

"Tuoneshe basi."

"Hakuna haja."

"Shemeji, itoe tu."

"Kuna baridi." Na mkono wake ulibaki juu ya koti, mahali bastola ilipo, kama mtu mwenye kiungulia.

Lakini Tawnya ni binti wa mama yake. Alifuta macho, akaokota vizibo. "Haya. Makubaliano ni makubaliano. Sahani ile pale."

Dortha akajaza magazini kwa risasi mpya zilizolingana. Akakoki kwa namna aliyojifunza Oktoba, mkono mmoja umeshika juu kwa nguvu na mwingine ukiisukuma bastola mbele, ili mabega yafanye kazi ya vidole. Akasimama. Risasi ya kwanza ilikaa katikati. Zilizofuata zilikaa karibu yake. Bastola haikusita. Ile ya mwisho tu, pengine kwa baridi, pengine kwa kuwa alijua ni ya mwisho, ilikwenda kulia.

Walikwenda wote mpaka kwenye kigingi. Tundu la mwisho lilikuwa kwenye ukingo wa sahani, nusu karatasi, nusu hewa.

"Hii iko nje," Tawnya akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Iko kwenye ukingo," Dortha akasema.

"Ukingo si ndani."

Delmer alisogea, akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza tangu kuanza kwa vuli akasema jambo lililomsaidia mtu. "Ukingo ni sahani," akasema. "Ndio unaozuia mchuzi usimwagike. Kama ukingo si sahani, basi nusu ya pai nilizokula kwa huyu mwanamke nimezilia hewani."

Tawnya akaweka kidole kwenye tundu, akakitoa, akamtazama mama yake aliyesimama na mikono ndani ya aproni, akisubiri kwa utulivu kama anayesubiri chupa zipoe.

"Ndani," akasema.

Chumba cha njano sasa kina baiskeli ya mazoezi isiyopandwa na mtu. Gaylon ameweka chupa ya nyanya, tupu, karibu na mashine yake ya kupokelea pesa, na ndani yake kuna risasi fupi mbili. Jumatatu baada ya ile Jumamosi, Delmer aliingia dukani, akangoja wanaume wote wageukie jiko, akaweka kofia yake kwenye kaunta na kuisukuma mbele kidogo. Gaylon akainua ukingo wa kofia, akachungulia.

"Ni ile ya juu, sivyo?"

"Ni ya rafiki yangu," Delmer akasema. Sasa chupani ziko tatu.

Kanuni ya Hobart haijafutwa. Bunduki bado hailali na risasi mdomoni. Ila inayotoka jioni hairudi juu tena. Inakwenda chini kabisa ya magazini, na ikishapata zamu yake mara chache hupelekwa bwawani kupigwa na nafasi yake huchukuliwa na mpya. Tawnya hupiga simu Jumapili, baada ya ibada. Zamani swali lake la kwanza lilikuwa kama mama amekula. Sasa Dortha husimama kando ya banda la kuku, uso mashariki, na kulisubiri swali jipya.

"Umezipanga, mama?"

"Nimezipanga. Zimelingana."

"Mimi pia."

"Umeinama?"

"Nimeinama."

"Vizuri," Dortha husema, na hapo humrudisha kwenye habari za nyanya.